Plagi za kirikuu yangu zilikaa miaka miwili chini ya baba mkwe

Wakuu, salaam kutoka huku Kyerwa.

Hii nimeiandika nikiwa na hasira, nikafuta, nikaandika tena, hasira bado ipo. Nimeamua kuituma hivyo hivyo. Yote mtakayosoma yametokea, hapa nyumbani kwangu, mchana kweupe. Nilichobadilisha ni majina tu, maana hata huku kijijini watu wana bando.

Ni uzi wa plagi. Ndiyo, plagi za gari. Wanaume msikimbilie kunifundisha kabla hamjamaliza kusoma.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Asimwe, ana miezi kumi. Elimu yangu form four. Naishi Kimuli, nimeolewa hapa. Nina kirikuu.

Narudia: NINA. Nilinunua mwenyewe, kwa kahawa na ndizi zangu, na kadi ina jina langu. Nabeba mikungu kutoka mashambani Kimuli na Kamuli naipeleka Isingiro, pale inapopakiwa kwenye magari makubwa.

Kwa ambao hamjawahi kuimiliki: kirikuu ni kale kagari kadogo ka mizigo, na injini yake haiko mbele. Iko chini ya viti. Hii yangu ukitaka kuziona plagi, unainua kiti cha abiria. Hakuna njia nyingine. Shikeni hapo, maana ugomvi wote uko hapo.

Sasa gari likaanza kumisi.

Mwanzo kidogo tu, kama mtu mwenye mafua. Baadaye kila kilima linapiga chafya, linatetemeka, linataka kuzima. Nilikuwa nabeba mikungu arobaini, nikashuka ishirini, nikashuka kumi na tano. Siku moja napanda kilima cha kanisani, wanawake wawili wenye mizigo kichwani wakanipita. Hawakukimbia. Walitembea. Mmoja akanisalimia, akauliza habari za mtoto, nikamjibu, akasubiri jibu likaisha, ndipo akanipita.

Siku hiyo nililia, wakuu. Usukani mkononi.

Hapo ndipo akaingia shemeji Projestus, kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye ana mtu wake Kamuli mwenye ng'ombe, na huyo mtu yuko tayari kutoa ng'ombe wawili wenye pembe ndefu, achukue gari kama lilivyo.

Kikao cha familia kikakaliwa. Mimi nilikuwa jikoni namenya ndizi za hao hao wanakikao. Nilipoleta chakula nikakuta uamuzi umeshafika kabla yangu: kama hadi Jumamosi gari halijapanda kilima cha kanisani na mzigo, linaondoka, ng'ombe wanaingia.

Nikauliza, "Na mimi kazi yangu itakuwa nini?"

Shemeji akasema, "Wewe utakamua."

Najua mtasema kadi ni ya kwangu, hawawezi. Walioolewa wananielewa. Kadi inakaa kabatini, ukoo unakaa sebuleni.

Alhamisi nikamwita fundi Deo kutoka Nkwenda. Ni fundi mzuri, mkono mnene, maneno machache. Akawasha, akasikiliza, akazima.

"Plagi," akasema. "Kuna moja imekufa au haikukaa sawa. Inueni kiti cha abiria."

Mume wangu akaangalia migomba. Mimi nikamwangalia mtoto. Deo naye ni Mnyambo, mtu wa kabila la huku huku, akatusoma usoni, akauliza taratibu, "Kwani kiti ni cha nani?"

Ni cha baba mkwe.

Hapa lazima niwaeleze watu wa mbali. Huku kwetu mkamwana hakalii kiti cha baba mkwe. Hakigusi, hakisogezi. Wala hasimami mbele yake kumwambia fanya hivi, acha vile. Ukiwa na neno zito, unamtuma mtu mwingine alifikishe. Mimi sikuzaliwa kwenye hilo peke yangu, mama yangu aliishi nalo na bibi pia, na baba mkwe wangu ni mtu mpole hajawahi kunipa sababu ya kulivunja.

Sasa kiti cha gari kilikuwaje chake? Miaka miwili iliyopita goti lilimsumbua, tukampeleka hospitali na kirikuu. Mume wangu akatandika mkeka mdogo kwenye kiti cha abiria, akamsaidia kupanda, akatangaza mbele ya watu, "Kuanzia leo hiki ni kiti cha Tata." Tata ni baba. Watu wakasifu. Mimi mwenyewe nilisifu, mjinga mimi, nikasema nimeolewa na mwanaume mwenye heshima.

Tangu siku ile hakuna aliyekiinua.

Gari likienda service, mume wangu anasema nipe nipeleke mimi, anarudi jioni anapangusa mikono, "Service kamili." Mwenyekiti wa kitongoji nilishawahi kumbeba mvua inanyesha, akakaa nyuma juu ya mikungu amejifunika jani la mgomba, pembeni yangu kiti kikavu kina mkeka, kitupu. Na yeye aliona ni sawa kabisa. Alisema, "Kiti cha mzee kile, siwezi."

Basi tumesimama, Deo ameshika spana ya plagi, anawaza. Na hapo hapo baba mkwe mwenyewe akatokea kwenye njia ya mgombani na fimbo yake. Amesikia gari linatengenezwa. Tukamwamkia, shikamoo, marahaba, marahaba. Akafungua mlango, akapanda polepole, akakaa kwenye kiti chake, akateremsha kioo.

"Endeleeni," akasema. "Mimi siwasumbui."

Wakuu, mzee amekalia plagi zote tatu.

Mnadhani mtu yeyote alimwambia? Hakuna. Tulianza kutengeneza injini na mzee akiwa juu yake.

Deo akalala chini kwenye majani ya mgomba, akapitisha mkono kwa chini, akapapasa. Plagi haifikiki, ila mkono ukaingia mahali ukakataa kutoka. Dakika ishirini fundi amelala pale ananiambia, "Mama Asimwe, hali yangu si mbaya sana." Nikaleta samli, tukampaka hadi kwenye kiwiko, ndiyo akachomoka. Samli iliyokuwa ya chakula cha mtoto.

Majirani wakaanza kujaa. Si mnajua, gari likifunguliwa kila mwanaume anayepita lazima asimame na awe na wazo. Na kila anayesimama ni mgeni, lazima nimletee kahawa ya kutafuna. Nimezunguka na kisahani kile mara tisa, mtoto mgongoni.

Mmoja akasema tukate tundu pembeni ya kiti, la ukubwa wa sahani, fundi apitishie spana.

Mwingine akasema tuzungushie plagi kamba, kamba tufunge kwa ng'ombe, ng'ombe avute. Akaulizwa kamba utaifungaje na plagi huioni. Akasema hilo ni la fundi.

Wa tatu, mtu mzima, mzee wa kanisa, akasema gari ni dogo, wanaume tupo nane, tuliinamishe kwa ubavu taratibu na mzee akiwa ndani, sehemu ya chini ionekane. Na watu WAKAFIKIRIA. Nikaona wanaume wawili wanakunja mikono ya mashati.

Mume wangu ndiye alikuwa anaunga mkono kila wazo. Tundu, sawa. Ng'ombe, sawa. Kulaza gari, sawa. Yaani lolote ila kumshusha mzee. Anatoka jasho kama yeye ndiye injini. "Tusimsumbue Tata," anasema. "Tata akae tu."

Mzee anasikiliza redio yake ndogo. Ameinamia upande mmoja, baada ya muda anahamia upande mwingine.

Nilipowaona wale wawili wanashika bodi kweli, kitu kikapanda kichwani. Nikaona ng'ombe wenye pembe wamesimama pale gari linaposimama. Nikajiona na ndoo ya maziwa hadi uzee.

Nikamtoa Asimwe mgongoni. Nikamshika mbele yangu, nikasogea hadi kwenye dirisha la gari. Sikumwangalia mzee. Nilimwangalia mtoto.

"Asimwe," nikasema kwa sauti, "mwambie babu yako kwamba kinachoumwa kwenye gari ni plagi."

Asimwe akasema, "Mba."

Mzee akazima redio. Naye akamwangalia mtoto. "Asimwe, muulize mama yako, sasa hizo plagi ziko wapi mbona fundi anazitafuta tangu asubuhi?"

Ziko chini ya makalio yako ndiyo jibu, lakini hilo neno utalitamka vipi kwa baba mkwe?

"Asimwe, mwambie babu plagi ziko chini ya... chini ya heshima yake."

Mtu nyuma akakohoa. Mzee akaangalia alipokalia.

"Asimwe," akasema, "ina maana ninapokalia mimi ndipo penye moto wa gari?"

"Asimwe, mwambie ndiyo, injini yote."

Hapo mzee akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia.

"Asimwe, mjukuu wangu, mwambie mama yako kiti hiki kinaniunguza. Kila Jumapili kinaniunguza. Nikifika kanisani nasimama, watu wanadhani nasali sana. Nimevumilia miaka miwili kwa sababu baba yako aliniambia ni mama yako ndiye amenitengea, na kwamba nikikataa atalia."

Wakuu.

Mimi? MIMI?

"Asimwe, mwambie babu yako mimi niliambiwa ni yeye ndiye kakichagua, na kwamba kikiguswa atakasirika!"

"Asimwe, mimi sijawahi kuchagua kitu kinachounguza."

Asimwe akacheka, akamshika babu yake ndevu. Watu wote wakageuka kumwangalia mume wangu. Alikuwa ameshafika kwenye mgomba wa tatu.

"Baba Asimwe, rudi hapa," nikasema. Akarudi.

Mzee akashuka mwenyewe, akauchukua mkeka wake, akaukunja. Akampokea mtoto kutoka mikononi mwangu akaenda kukaa kwenye ngazi za nyumba. Na mimi kwa mikono yangu miwili nikakiinua kile kiti mbele ya kijiji.

Vumbi, maganda ya kahawa, kiota cha panya. Plagi ya kwanza ipo. Ya pili ipo. Ya tatu imesimama upande kama jino bovu, na imezungushiwa kitambaa. Nikakivuta kidogo kwa kidole.

Kitenge cha kijani. Cha kwangu! Kile nilichoanika kikapotea, nikamnunia jirani mwaka mzima, hata msibani kwao sikupika. Kimechanwa utepe, kimezungushwa kwenye plagi kuzuia upepo usitoke.

Mume wangu akaongea mwenyewe bila kuulizwa. Miaka miwili iliyopita aliona video kwenye simu, mtu anabadilisha plagi dakika tano. Nilikuwa sokoni. Akazitoa, akazirudisha, ile ya tatu akaianza upande, nyuzi, ile mistari ya kukazia, hazikukutana, na yeye badala ya kuitoa akaongeza nguvu. Ikagoma katikati. Haiingii, haitoki. Kesho yake goti la mzee likauma, akaona Mungu kamfungulia mlango.

"Niliogopa utanisema," akasema.

Nilimwambia leo nitakusema zaidi.

Sasa kazi yenyewe, kwa mnaotaka kujifunza. Deo alitaka kuivuta kwa nguvu, kisha mwenyewe akasita. Alisema kichwa cha injini ni alminiamu, ni laini, plagi ni chuma. Ukilazimisha, plagi inakatika inabaki kipande ndani, au inatoka na nyuzi zote za kichwa. Ikifika hapo hata ng'ombe mmoja hupewi.

Tukapuliza uchafu wote kwa pampu ya baiskeli, ili usiangukie ndani ya silinda plagi ikitoka. Deo akapulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye shina la plagi, tukaacha mpaka kesho yake.

Ijumaa asubuhi akasema injini iwashwe kidogo ipate uvuguvugu, si moto. Nikamuuliza uvuguvugu kiasi gani. Akasema kama maji ya kuogeshea mtoto. Nikaweka kiwiko. Nikamwambia bado. Nikaweka tena. Nikamwambia sasa. Deo akaniangalia, hakubisha.

Mkono wake haukuenea pale kwenye kona, spana inakaa mshazari. Wa kwangu ukaenea. Basi mimi ndiye nimeitoa ile plagi, wakuu, si mtu mwingine.

Haitolewi kwa kuvuta. Unalegeza kidogo sana, chini ya robo mzunguko. Ikikaza, unairudisha ndani kidogo, unapulizia dawa, unasubiri, unalegeza tena. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Inalia kwii kama mlango wa ghala. Nilikuwa naisema kila nikizungusha, na kila neno mume wangu aliyeshika tochi alijua ni lake.

Ilichukua karibu saa mbili. Halafu ghafla ikawa nyepesi mkononi, ikatoka. Ina vumbi la alminiamu kwenye nyuzi, mdomo mweusi kama sufuria la kijijini.

Deo akapaka grisi kwenye kile chuma cha kukatia nyuzi, ili mabaki yanase humo yasidondoke ndani, akazichonga upya taratibu. Nyuzi za chini zilikuwa nzima, Mungu mkubwa. Plagi mpya hakuifunga kwa spana. Alichomeka kichwa chake kwenye kipande cha mpira wa mafuta, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikikaa upande, mpira unateleza tu, haiharibu kitu. Ikishika yenyewe mizunguko mitatu minne, ndipo spana, na spana yenyewe kukaza kwa kiasi.

Kipande cha mpira kama kidole. Hicho tu. Miaka miwili ya mkeka kwa kukosa kipande cha mpira.

Jumamosi shemeji Projestus akafika na yule mtu wa Kamuli, na ng'ombe wenyewe wametembezwa wako nyuma. Mzee amekaa kwenye kiti cha mbao barazani, Asimwe mapajani. Mimi nimepakia mikungu arobaini tangu alfajiri.

Shemeji hakuanza na gari. Alianza na mimi. Akasema amesikia mkamwana ameinua kiti cha baba mkwe mbele za watu, na kwamba hilo ni kosa, lazima litolewe faini ya kuku.

Nikasema kuku nitatoa. Nilimaanisha. Mila ni mila, sikuivunja kwa dharau.

Mzee akamwambia Asimwe, kwa sauti ya wote kusikia, "Asimwe, mwambie baba yako mkubwa kuku nimeshampokea na ametosha. Kilichobaki ni gari kupanda. Na shahidi wa kupanda awe baba yako, akae pale pale aliponikalisha."

Mume wangu akapanda. Bila mkeka.

Nikawasha. Wakuu, sauti! Nilikuwa nimeisahau. Laini, mfululizo, hakuna chafya. Nikatoka kwenye migomba, nikaingia barabarani, nikakishika kilima cha kanisani. Gia ya pili, mikungu arobaini, linapanda linaongeza. Watu waliosimama pembeni wakapiga vigelegele.

Katikati ya kilima mume wangu akanyanyua kalio upande mmoja. Kisha upande mwingine. Nikapunguza mwendo makusudi.

"Mama Asimwe," akasema, "mbona kuna moto hivi?"

"Moto gani?" nikamuuliza. "Hicho si kiti cha heshima?"

Juu kabisa nikasimama. Yule mtu wa Kamuli, chini kule, nilimwona anawageuza ng'ombe wake warudi walikotoka. Nikazima gari, nikamwambia Baba Asimwe ashuke akiinue kiti, akague, anihakikishie hakuna kinachovuja.

Alikiinua. Akasimama hapo muda mrefu anaziangalia plagi tatu zimesimama wima. Halafu akasema, "Nisamehe." Akasema na jirani ataenda kumweleza mwenyewe kuhusu kitenge.

Sijamsamehe. Nimemwambia ashushe kiti apande, mikungu inangoja Isingiro.

Nilichojifunza wakuu: plagi ikikataa kuingia kwa vidole, itoe uanze upya, usiongeze nguvu. Na ukishaharibu, sema siku hiyo hiyo, maana plagi iliyofichwa inazidi kukaza. Na wanawake wenzangu wenye magari, fundi akikwambia service imekamilika, muulize aliinua nini.

Mniambie na nyie, nani mwingine ana kitu nyumbani hakiguswi na hakuna anayejua amri ilitoka wapi? Ila mwenye kirikuu, kabla hujaandika neno lolote hapa chini, nenda kwanza kainue kiti.